Maswali na Majibu: Tapeli Anajuaje Siku Yetu ya Malipo?

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wa mikoa ya Kigoma na Tabora watuandikie kuhusu wizi, utapeli na udhalilishaji unaofanyika kwa njia ya simu na intaneti. Tuliuliza jambo moja tu: mbona watu wawili wanapokea ujumbe uleule, mmoja anaufuta na mwingine anaibiwa? Barua tumezifupisha, na majina tumeyaacha kwa ombi la wenyewe. Karibu kila mwandishi anaanza kwa kujilaumu au kwa kulaumiwa na ndugu zake, nami katika majibu nimejikuta kila mara nikiuondoa mjadala kwenye akili ya mtu na kuurudisha kwenye mazingira anamoishi.

Mkulima wa tumbaku, Urambo, anauliza:

Ndugu Mhariri, mimi ni mjumbe wa bodi ya chama chetu cha msingi cha wakulima. Kila mwaka malipo ya tumbaku yakianza kuingia, simu zetu hujaa ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Msimu uliopita wanachama wetu kadhaa walitapeliwa, akiwamo mwalimu mstaafu. Matapeli hawa wanajuaje siku tunayolipwa? Na kwa nini vijana wetu waliohamia mjini wanatucheka kwamba ni ushamba?

Jibu: Ndugu mkulima, mara nyingi tapeli hajui chochote. Ujumbe ule hutumwa kwa namba nyingi mno bila kuchagua, masika na kiangazi. Mwezi Januari unakukuta shambani, mfukoni huna kitu na huna deni unalotazamia kulilipa siku hiyo, nawe unaufuta bila hata kuufikiria. Msimu wa malipo unakukuta kwenye foleni ya wakala ukiwa na ujira wa vibarua, ada ya mtoto, na fundi wa matofali aliyekupigia tangu asubuhi. Tazama maneno yake yalivyopangwa: "Ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja la wakala." Ujumbe hautaji aliyeutuma, hautaji kiasi wala sababu, kwa kuwa yote hayo mpokeaji atayajaza mwenyewe kutokana na jambo alilo nalo kichwani. Kisha yale maneno ya mwisho yanaondoa kinga iliyobaki, maana mfumo wa kutuma pesa huonyesha jina la mpokeaji kabla hujaweka namba ya siri, na mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba jina litakuwa geni hashtuki akiliona geni.

Wanazuoni wawili wa Marekani, Lawrence Cohen na Marcus Felson, waliandika mwaka 1979 kwamba uhalifu hutokea pale mambo matatu yanapokutana mahali pamoja na kwa wakati mmoja: mtu mwenye nia ya kuhalifu, mtu au mali inayomfaa, na kukosekana kwa mlinzi. Walikuwa wakizungumzia wizi wa majumbani na mitaani, lakini watafiti wa makosa ya mtandao waliichukua hoja hiyo, na kwenu Urambo inakaa vizuri. Mwenye nia yupo mwaka mzima. Anayemfaa ni mkulima katika siku ile ambayo ana pesa na ana haraka. Mlinzi, katika jambo hili, si lazima awe askari, ni yule mtu wa pembeni anayeuliza "umempigia kwanza?", na kwenye foleni ya watu wanaogombania floti (pesa ya kuhudumia wateja) ya wakala mmoja kabla haijaisha, mtu huyo huwa hayupo.

Kuhusu ushamba, vijana wenu wanakosea. Taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa inaongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu, na hiyo ni mikoa ya wakulima kama wa kwenu. Kwa hiyo huyo anayetuma ujumbe si lazima awe mjanja wa Kariakoo. Anaweza kuwa kijana aliyekulia kijijini, anayejua vizuri jinsi mtu wa shamba anavyokaa muda mrefu bila pesa na jinsi anavyoikimbilia siku inapoingia. Na mwalimu mstaafu hakuibiwa kwa kukosa elimu. Huenda elimu yake ndiyo iliyomweka karibu na hatari, kwa maana mtu mwenye pensheni na heshima kijijini huombwa fedha na wengi na hutuma fedha mara nyingi, na kila muamala ni nafasi nyingine ya kukosea.

Jambo ambalo sioni likisemwa vya kutosha ni ukubwa wa hasara. Mfanyakazi wa Dar es Salaam akitapeliwa shilingi 300,000 atabana matumizi hadi mwisho wa mwezi. Mkulima wa tumbaku hulipwa mara moja kwa mwaka, hivyo kiasi hichohicho kikimtoka amepoteza pembejeo za msimu unaofuata au mwaka mzima wa shule wa mtoto mmoja, kisha analazimika kukopa kwa masharti mabaya, na deni hilo linamfanya awe na haraka zaidi msimu ujao. Mzunguko huo una uhusiano mdogo sana na akili yake.

Ninyi wa bodi mna uwezo ambao TCRA haina. Siku mnapotangaza malipo, tangazeni papo hapo kwamba hakuna mwanachama wala kibarua atakayelipwa kwenye namba mpya kabla sauti yake haijasikika. Ujumbe wa kitapeli ukiingia, mwanachama aupeleke kwenda namba 15040, huduma ambayo ni ya bure, kisha afuate maelekezo atakayojibiwa na kuitaja namba iliyoutuma. Na mwanachama aliyeibiwa apewe nafasi ya kusema mkutanoni bila kuchekwa, kwa sababu akinyamaza mwenzake ataibiwa kwa ujumbe uleule wiki hiyohiyo.

Mama mfanyabiashara, Ujiji, anauliza:

Asalaam aleikum. Mimi ni mtu mzima, nauza dagaa na mawese. Simu yangu ni kitochi, na maandishi madogo siyaoni, hivyo mjukuu au kijana wa wakala hunisaidia kusoma. Siku moja akanipigia mtu, akasema amekosea akanitumia pesa, na kweli ujumbe ukaingia. Nikamrudishia shilingi 85,000. Kumbe hakuna kilichoingia. Wanangu wananilaumu mpaka leo. Kosa langu ni nini hasa?

Jibu: Waalaikum salaam mama yangu, na shikamoo. Kosa lako, kama ni lazima liitwe hivyo, ni kuwa muungwana. Mtu amesema amekosea, nawe ukamrudishia haki yake. Tapeli anauchezea uungwana huo makusudi, na ndiyo maana hupiga simu kwa sauti ya unyonge, akitaja mgonjwa au mtoto aliyerudishwa shule.

Mazingira yako ndiyo yaliyomsaidia. Ujumbe wa kweli wa pesa huingia ukiwa na jina la huduma yenyewe juu yake, ilhali ule wa uongo ulitoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, ila umeandikwa kwa mpangilio uleule. Tofauti hiyo inaonekana kwa anayesoma mwenyewe kwenye kioo. Wewe ulisomewa na mtu mwingine, naye alikusomea maneno, hakukusomea kilichoandikwa juu ya maneno. Wengi hupatikana hivyohivyo, kwa maana mtu anayetumia simu kupitia macho ya mwingine huona kile tu ambacho yule mwingine ameona kina maana.

Ningependa pia niseme neno kuhusu meza ya wakala, ingawa hukuliuliza. Nimesimama kwenye meza za namna hiyo mara nyingi: mwavuli, daftari lenye pembe zilizojikunja, simu mbili tatu zimepangwa, na mzee anamkabidhi kijana simu yake huku akiitamka namba ya siri kwa sauti inayofika hadi kwa muuza mihogo. Kijana huyo huenda ni mwaminifu kabisa, na wengi wao ndivyo walivyo. Lakini wale watu watano waliosimama nyuma hakuna anayewajua. Namba ya siri ibonyeze mwenyewe, mama, hata ukichelewa, na wanaosubiri wasubiri. Tarakimu za kwenye vitufe huna haja ya kuzisoma, vidole vikizoea vinazijua zilipo. Na mtu akisema amekosea kukutumia pesa, mjibu kwamba awapigie watu wa mtandao wake wa simu, nao watairudisha wenyewe. Pesa iliyotumwa kimakosa ina utaratibu wake wa kurudishwa na si lazima ipitie mkononi mwako. Kabla ya lolote, mwambie mjukuu akuangalizie salio. Hao wanao wanaokulaumu wangefanya jambo la maana zaidi kama wangekununulia miwani.

Mwalimu, Kibondo, anauliza:

Kabla ya minara hii mipya kujengwa hatukuwa na matatizo haya. Sasa kuna intaneti, na kila wiki nasikia mtu ameibiwa. Je, si afadhali vijiji vingine vikaachwa bila intaneti hadi watu watakapoelimishwa?

Jibu: Ndugu mwalimu, swali lako ni zito kuliko linavyoonekana, na nitalijibu kwa kirefu. Hoja ya Cohen na Felson niliyoitaja juu ilizaliwa kutokana na fumbo linalofanana na lako: baada ya Vita vya Pili vya Dunia maisha ya Wamarekani yaliboreka, kipato kikapanda, na bado uhalifu ukaongezeka. Walichokiona ni kwamba shughuli za kila siku zilikuwa zimebadilika. Watu wengi zaidi walishinda nje ya nyumba zao, na vitu vya thamani vilikuwa vimekuwa vyepesi kubebeka. Maendeleo yenyewe yalikuwa yamefungua milango. Mnara wa simu nao uko hivyo, na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao umekuwa ukifadhili ujenzi wa minara vijijini, unafungua mlango unaostahili kufunguliwa, kwa sababu kijiji kisicho na mawasiliano kinaibiwa kwa njia nyingine: mnunuzi wa mazao anakidanganya bei, na mgonjwa anachelewa kufika hospitali.

Ila nakuomba usiseme "kuna intaneti" na "hakuna intaneti" kana kwamba ni hali mbili tu. Mahali penye mtandao wa kupiga simu na kutuma ujumbe peke yake, wizi ni wa sauti na maandishi, kama ule wa Urambo na Ujiji. Simu janja na bando vinapofika, huja wizi wa aina nyingine juu ya ule wa kwanza: akaunti ya WhatsApp inayotekwa kwa mtu kuombwa tarakimu 6 zilizoingia kwenye simu yake, kurasa bandia za ajira na mikopo ya wanafunzi, makundi ya "kuwekeza" yanayoahidi faida kila siku. Watu hawapiti kutoka hatari moja kwenda nyingine, hatari zinarundikana.

Kisha kuna suala la bei, na hapa naomba watunga sera wasome taratibu. Wanafunzi wako na wazazi wao wengi hununua bando la WhatsApp na mitandao ya kijamii pekee, kwa sababu ndilo wanaloliweza. Mtu wa namna hiyo akitumiwa tangazo la ajira serikalini lenye nembo nzuri na maelekezo ya kulipia "fomu", tangazo analiona, lakini tovuti ya Sekretarieti ya Ajira ambayo ingemwonyesha kwamba hakuna tangazo kama hilo haifunguki, kwa kuwa bando lake haliifikii. Uongo unamfikia kwa bei nafuu, na ukweli unamtaka aongeze vocha. Mwenye Wi-Fi ofisini Dodoma anahakiki kwa kugusa kioo mara mbili, halafu anamshangaa aliyeko Kibondo kwamba "hakuhakiki".

Simu zenyewe ni sehemu ya tatizo. Nyingi zilizopo mikononi mwa watu wetu ni za zamani au za mtumba, na hazipokei tena masasisho ya usalama kutoka kwa waliozitengeneza. Programu hazipakuliwi kwenye duka rasmi, maana hilo linakula bando. Zinarushwa kutoka simu hadi simu kwa Xender, programu ya kurushiana mafaili bila bando, pamoja na zile WhatsApp zisizo rasmi ambazo vijana wanazipenda kwa rangi na madoido yake. Hakuna anayejua aliyeibadilisha programu hiyo aliweka nini ndani. Ukitaka kufundisha jambo moja shuleni kwako, mwalimu, fundisha hilo kwanza, kisha uwaonyeshe namna ya kuweka uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp, yaani namba ya siri ya ziada inayolinda akaunti, kazi ambayo haimalizi dakika tano na haihitaji Kiingereza kwa kuwa programu hiyo inapatikana kwa Kiswahili.

Kuhusu kusubiri watu waelimishwe kwanza, sikubaliani nawe. Hakuna aliyejifunza kuogelea Ziwa Tanganyika akiwa amekaa Kasulu.

Mfanyabiashara, Mwanga, Kigoma mjini, anauliza:

Ziwa lilipofungwa biashara yangu ya dagaa ilisimama, nikakopa kwa programu ya simu. Nilichelewa siku chache tu kurejesha, wakaanza kuwatumia ujumbe watu wote walio kwenye simu yangu, hata mchungaji wangu na wateja, wakisema mimi ni tapeli. Je, mimi ni mkosaji au nimekosewa?

Jibu: Dada yangu, yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, lakini hayalingani uzito. Deni ni lako. Kuwadhalilisha watu mbele ya jamii ili walipe ni kosa lao.

Kwa wasiofahamu, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisitishwa kwa miezi 3 kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane. Nia ilikuwa njema, lakini kuanzia Kibirizi mpaka Ujiji kulikuwa na watu ambao kipato chao cha kila siku kilikatika ghafla, hawana dhamana ya kuipeleka benki, na mkononi wana simu janja. Programu ya mkopo haitaki hati ya nyumba wala mdhamini. Inachotaka ni ruhusa ya kusoma orodha ya majina kwenye simu. Dhamana uliyoiweka bila kujua ni heshima yako kwa mchungaji na kwa wateja, na kwa mfanyabiashara mdogo hiyo ni dhamana kubwa kuliko nyumba. Mwenye mshahara na akaunti benki hawezi kunaswa hivi kirahisi, si kwa sababu ni mwangalifu kuliko wewe, bali kwa sababu hana haja ya kuupita mlango huo.

Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni na ikaonya umma dhidi yake. Angalia kama iliyokukopesha imo. Vilevile tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume iliyoundwa chini yake hupokea malalamiko. Namba za mchungaji wako ni taarifa zake binafsi, naye hakukopa chochote, hivyo hata yeye ana haki ya kulalamika. Piga picha za kioo za kila ujumbe kabla hujaifuta programu. Wateja waambie ukweli mapema, kwa maneno machache, kwa sababu nguvu ya ujumbe ule yote imo katika wewe kujificha.

Mwanafunzi wa chuo, Tabora mjini, anauliza:

Shikamoo. Nilipeleka simu kwa fundi kubadilisha kioo, akaniomba nenosiri ili "aijaribu". Wiki chache baadaye mtu nisiyemjua akanitumia picha zangu za faragha, anataka shilingi 200,000 la sivyo atazisambaza. Naogopa kwenda polisi kwa sababu wataniuliza nilizipiga za nini. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Usilipe. Anayelipwa mara ya kwanza hurudi, kwa sababu ameshajua unaweza kupata pesa. Usimjibu zaidi, lakini usifute kitu: tunza ujumbe, namba au jina la akaunti, tarehe, na namba aliyotaka utumie fedha, maana namba hiyo imesajiliwa kwa alama za vidole za mtu fulani. Mripoti pia kwenye mtandao wenyewe alioutumia.

Kumtisha mtu ili akupe fedha ni jinai, na kusambaza picha za namna hiyo kwa njia ya kompyuta au simu ni kosa la anayesambaza chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Nenda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, nenda na mtu mzima unayemwamini, na ukiulizwa ulizipiga za nini, una haki ya kujibu kwamba ulichokuja kukilalamikia ni vitisho. Kwa wasomaji walio chini ya miaka 18, namba 116 ni ya bure na hupokea simu za watoto.

Wavulana nao hutishwa hivi. Lakini binti akitishwa, tapeli ana msaidizi asiyemlipa, nao ni ulimi wa mtaa, na anajua kwamba nyumbani kwao binti huyo ataulizwa yeye kwanza. Na ukitaka kujua umaskini unaingilia wapi, tazama kioo cha simu: mwenye uwezo hununua simu mpya, asiye nao huipeleka kwa fundi ikiwa imefunguliwa, na kila kitu chake kimo ndani. Fundi wa kioo hahitaji nenosiri lako. Kaa hapo kwenye kibanda hadi amalize, uiguse simu wewe mwenyewe kuona kama kioo kinafanya kazi.

Dereva wa bodaboda, Buhigwe, anauliza:

Bado sijapata namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, hivyo laini ninayotumia ilisajiliwa kwa jina la shemeji yangu. Kuna hatari gani?

Jibu: Zipo, kwako na kwake. Katika wilaya za mpakani uhakiki wa uraia huwachelewesha baadhi ya watu kupata namba ya NIDA, na tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, anayecheleweshwa huishia kuazima jina. Simu ikiibiwa, huwezi kuirudisha laini bila shemeji kwenda mwenyewe. Ukitapeliwa, mlalamikaji kisheria ni yeye. Na mkigombana, pesa iliyo kwenye laini hiyo ni yake mbele ya mtandao wa simu. Usiweke humo akiba. Shemeji naye abonyeze *106# ili aone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, kwa sababu wapo wasajili wa mitaani waliowaambia watu "weka kidole tena, hakijasoma", na kidole cha pili kikasajili laini ya mtu mwingine.

Msomaji wa Nguruka, wilaya ya Uvinza, anauliza:

Niliibiwa shilingi 140,000. Kituo kimoja kiliniambia niende mjini. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula na siku ya kazi niliyopoteza vingekaribia nusu ya kiasi hicho, nikaacha. Je, kuna maana ya kuripoti?

Jibu: Ndugu yangu, umefanya hesabu ambayo maelfu ya watu huifanya kimyakimya, na siwezi kukulaumu. Lakini angalia matokeo yake. Mtu wa Dar es Salaam anaripoti kwa sababu kituo kiko mtaa wa pili. Wa Nguruka haripoti kwa sababu ya treni na nauli. Takwimu zikija kukusanywa, zitaonyesha kwamba wizi uko mijini, askari wa makosa ya mtandao watapangwa mijini, nawe utazidi kuambiwa "nenda mjini". Umbali umekuibia mara ya pili.

Hatua za kwanza hazihitaji nauli. Dakika ileile unapogundua, piga namba 100 ya huduma kwa wateja ya mtandao wako uwaombe wazuie muamala. Pesa ikiwa haijatolewa bado, inaweza kusimamishwa, na matapeli huitoa upesi, kwa hiyo dakika kumi za aibu na mshangao ni ghali. Usifute ujumbe wa muamala, kwa kuwa ile kumbukumbu namba yake ndiyo inayofuatiliwa. Namba ya tapeli ipeleke 15040. Baada ya hapo fungua taarifa kituo cha karibu na udai RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi, hata kama upelelezi utafanyika kwingine, kwa sababu mtandao wa simu hautatoa taarifa za mteja wake kwa mtu binafsi bali kwa polisi. Nenda na kitambulisho, simu yenyewe, na maelezo uliyoyaandika kwa mpangilio wa saa na tarehe. Mkiwa watu kadhaa mlioibiwa kwa namba moja, nendeni pamoja, kwani shauri lenye walalamikaji wanne ni gumu kuliweka kando. Na kama bado mtatakiwa kwenda Kigoma mjini, msitoe nauli kabla hamjapiga simu kuuliza kama afisa anayeshughulikia makosa ya mtandao yupo ofisini siku hiyo.